Kimya kingi kina mshindo: uchambuzi wa kisa cha kiwango cha jedwali la hashi

Muktadha

Kisa hiki kinahusu lugha ya programu isiyo na mwenyewe. Hakuna kampuni inayoimiliki, wala mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Ipo kamati ya watu wanaojitolea kuandika viwango vya maktaba, na zipo injini kadhaa za lugha hiyo, yaani programu zinazoiendesha, kila moja na timu yake, zinazofuata viwango hivyo kwa hiari. Jina la lugha nimeliacha. Majina ya fanksheni nayo nimeyatunga upya kwa Kiswahili, ili anayeifahamu lugha yenyewe asiitambue kwa kuangalia msimbo.

Injini tatu zinahusika. Nitaziita Injini Kubwa, Injini ya Java na Injini Ndogo. Kubwa ndiyo yenye watumiaji wengi, hasa kwenye seva. Ya Java inaendeshwa juu ya mashine ya Java, kama jina linavyosema. Ndogo imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vyenye kumbukumbu finyu.

Jambo lililotakiwa kuwekewa kiwango ni jedwali la hashi, yaani muundo wa kuhifadhi thamani chini ya ufunguo, ambao Python huuita dict na Java huuita HashMap. Hashi ni namba inayokokotolewa kutokana na ufunguo ili kujua mahali pa kuuweka na kuutafuta. Kila injini ilikuwa nao tayari, lakini kwa majina na tabia tofauti, na mwandishi wa maktaba aliyetaka kazi yake itumike kote alilazimika kuandika tabaka la kupatanisha injini zote. Kamati ikaamua kumaliza usumbufu huo. Mimi nilihusika kama mhakiki wa rasimu ya kiwango cha pili. Kiwango cha kwanza nimekifuatilia kupitia kumbukumbu za kamati, ambazo zimehifadhiwa pamoja na mabishano yake yote.

Kiwango cha kwanza kilivyoandikwa

Kilikuwa kifupi, na ufupi wake ulisifiwa. Kiini chake ni hiki:

    unda-jedwali([usawa [hashi [ukubwa]]])
    weka(jedwali, ufunguo, thamani)
    tazama(jedwali, ufunguo)
    pitia(jedwali, fanksheni)
    hashi(kitu)

Mabano ya mraba ni parameta za hiari, zinazotambuliwa kwa nafasi zake. Anayetaka kutaja ukubwa wa kuanzia hana budi ataje kwanza fanksheni ya usawa na ya hashi. `tazama` hurudisha `uongo` ufunguo usipokuwemo. `hashi` hurudisha namba kamili isiyo hasi, na waraka uliahidi kwamba vitu viwili vilivyo sawa vitatoa namba ileile "daima". `pitia` huita fanksheni kwa kila jozi ya ufunguo na thamani. Kuhusu mpangilio wa jozi hizo kulikuwa na sentensi moja tu, kwamba mpangilio haujabainishwa. Kuhusu kubadilisha jedwali katikati ya `pitia`, waraka haukusema neno.

Haikuwa kazi ya uzembe. `hashi` iliwekwa wazi kwa sababu anayetunga aina yake mwenyewe ya data anahitaji kujenga hashi ya kitu kizima kutokana na hashi za sehemu zake. Neno "daima" liliingizwa na mjumbe aliyehofia kwamba injini fulani ingekokotoa hashi kutokana na anwani ya kitu kwenye kumbukumbu. Kisafisha kumbukumbu (sehemu ya injini inayoondoa vitu visivyotumika tena) kikikihamisha kitu, ufunguo usionekane tena ndani ya jedwali. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, ila neno lilikuwa kubwa kuliko hofu yenyewe. Kilichohitajika ni ahadi inayodumu maadamu programu inaendelea kufanya kazi. "Daima" ilivuka hapo ikaingia hadi kwenye faili za diski na mashine za jirani.

Yaliyotokea

Injini zote tatu zilikitekeleza kiwango bila kuchelewa. Kubwa ilipanga jozi kwenye safu moja kwa jinsi zilivyoingia, na pembeni ikaweka faharasa ndogo ya hashi. Ni mbinu nzuri inayobana kumbukumbu na kuharakisha upitiaji. CPython, injini kuu ya Python, nayo iliifuata katika toleo la 3.6. Lakini ina tokeo ambalo hakuna aliyeliomba: `pitia` inatoa jozi kwa mpangilio wa kuingizwa. Injini ya Java iliegemea HashMap, Ndogo ikatumia minyororo, yaani orodha za jozi zilizoangukia sehemu moja ya jedwali, na kwenye hizo mbili mpangilio ulionekana wa ovyo.

Kwa kuwa wengi walikuwa kwenye Injini Kubwa, maktaba zikaandikwa na watu ambao hawajawahi kuona jedwali likipitiwa kwa mpangilio mwingine wowote. Moja ya kuandika faili za mipangilio ilitoa mistari kama mtumiaji alivyoiingiza. Nyingine ilitia saini ujumbe kwa kupitia jedwali la vichwa vyake na kukokotoa muhtasari wa maandishi yaliyopatikana. Majaribio ya maktaba kadhaa yalilinganisha matokeo na faili iliyohifadhiwa, herufi kwa herufi. Mazoea yana taabu. Sentensi ya mpangilio usiobainishwa ilikuwa bado kwenye waraka, ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kuisoma.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa watumiaji wa Injini ya Java, waliolalamika kwamba maktaba ya saini haikubaliani na upande wa pili wa mawasiliano. Mwandishi wa maktaba akajibu kwamba kasoro ni ya Injini ya Java, kwa kuwa "inavuruga" mpangilio. Kamati ilinukuu sentensi ya waraka kuhusu mpangilio na kulifunga lalamiko. Kwa mujibu wa waraka walikuwa sahihi, na kwenye msimbo wa watu hakuna kilichobadilika.

Kisha likaja suala la usalama. Jedwali la hashi lina kasi kwa sababu funguo husambaa. Mtu akijua fanksheni ya hashi, anaweza kutunga funguo nyingi zinazotoa namba moja na kuzituma kwenye seva ndani ya fomu moja. Kila ufunguo mpya hulinganishwa na zote zilizotangulia, kwa hiyo funguo 100,000 zinazogongana huhitaji takriban milinganisho 5,000,000,000. Shambulio hili lilikuwa linajulikana: Scott Crosby na Dan Wallach walilieleza mwaka 2003, na Perl ikachukua hatua mwaka huohuo. Lugha nyingine nyingi zilingoja hadi Desemba 2011, Alexander Klink na Julian Wälde walipoonyesha kwenye mkutano mjini Berlin jinsi PHP, Java, Python na Ruby zilivyokuwa wazi kwa shambulio hilohilo.

Dawa iliyozoeleka ni kuchanganya hashi na mbegu ya bahati nasibu inayochaguliwa programu inapoanza. Python iliifanya kuwa tabia ya kawaida katika toleo la 3.3 mwaka 2012. Timu ya Injini Kubwa ilipopokea taarifa ya siri kuhusu udhaifu wake, ilitoa kiraka cha aina hiyo bila kuisubiri kamati. Katika hali ile sioni walivyoweza kufanya vinginevyo. Lakini "daima" ikavunjika. Maktaba moja ya kache (hifadhi ya muda ya matokeo) ilikuwa inaandika namba za `hashi` ndani ya faharasa kwenye diski, na programu ilipowashwa upya haikuona hata ingizo moja. Nyingine ilikuwa inagawa kazi kwa mashine kadhaa kwa kutumia `hashi` ya jina la kazi, na sasa kila mashine ilikuwa na mgawanyo wake. Waandishi wa maktaba hizo walikuwa wameusoma waraka na kuutii.

Injini ya Java ilikuwa na shida ya aina nyingine. `hashi` yake ilirudisha moja kwa moja hashi ya String ya Java, ambayo fomula yake imechapishwa ndani ya nyaraka rasmi na haiwezi kuguswa: tangu Java 7, kompaila huandika namba hizo ndani ya faili za darasa kila `switch` inapotumia maandishi. Java yenyewe, ikiwa imejifunga hivyo, ilitafuta nafuu chini yake. Katika Java 8, mwaka 2014, HashMap ilianza kugeuza mnyororo uliorefuka kuwa mti uliosawazishwa, na fanksheni ya hashi ikabaki ilivyokuwa. Nafuu hiyo inategemea funguo zinazojua kupangika, zile zinazotekeleza Comparable. Injini ya Java ilikuwa imefunga maandishi ndani ya aina yake yenyewe isiyo na sifa hiyo, kwa hiyo mti ulijengwa na bado utafutaji ulipita kila tawi. Waliongeza mistari michache, tatizo likaisha, na "daima" ikabaki salama kwao.

Sasa neno moja la kiwango lilikuwa kweli kwenye injini moja na uongo kwenye nyingine.

Toleo lililofuata la Injini Kubwa likaongeza chumvi kwenye kidonda. Ili kufuta ufunguo kuwe kwa haraka, walianza kuziba pengo la kilichofutwa kwa kuhamishia hapo jozi ya mwisho. Mpangilio ukabaki wa kuingizwa mpaka kitu cha kwanza kifutwe. Maktaba ya saini ikawa inafanya kazi karibu kila mara, na kushindwa pale tu kichwa fulani cha ujumbe kilipoondolewa kabla ya kutia saini. Kosa la aina hii ni baya kuliko lile linalotokea kila siku, kwa kuwa majaribio mengi hulipita bila kuliona.

Maamuzi ya kamati

Mapendekezo yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa kusahihisha waraka wa zamani na kulifuta neno "daima". La pili lilikuwa kuongeza parameta ya nne kwenye `unda-jedwali`, ya mbegu. La tatu lilikuwa kuandika kiwango kipya chenye jina jipya na kuuacha wa zamani ulivyo.

Kusahihisha kulikataliwa kwa sababu kungegeuza programu sahihi kuwa mbovu bila mwenyewe kuambiwa. Parameta ya nne ilipendwa na wengi mwanzoni, mpaka mjumbe mmoja alipouliza ni nani angeitaja. Anayejua hatari iliyopo angeitaja. Asiyejua, ambaye ndiye wa kulindwa, angebaki wazi kama zamani. Likapita pendekezo la tatu, kwa sharti kwamba kiwango cha zamani kiweze kujengwa kikamilifu juu ya kipya, ili injini isibebe majedwali mawili.

Uamuzi mkubwa wa kiwango cha pili ulikuwa kitu tulichokiita mlinganishi. Badala ya kupeana fanksheni ya usawa na ya hashi kila moja peke yake, mtumiaji anaunda kitu kimoja kinachobeba zote, na ndani yake haoni. `unda-jedwali` inapokea mlinganishi basi. Wajumbe waliounga mkono walitaja `qsort`, fanksheni ya kupanga ya lugha ya C, ambayo fanksheni yake ya kulinganisha haina mahali pa kupokea data ya ziada. Waliotaka kuziba pengo hilo walitunga `qsort_r`, na glibc (maktaba ya C inayotumika kwenye Linux) na FreeBSD (mfumo endeshi) wakaipanga kila mmoja kwa mfuatano wake wa parameta, jina likiwa moja.

Ndani ya mlinganishi kulikuwa na swali gumu zaidi: mtumiaji atoe hashi ya aina yake kwa njia gani? Katika Java anaandika `hashCode` inayorudisha namba ya biti 32, na biti 32 zitabaki hizohizo. Rust, tangu toleo la 1.0 mwaka 2015, ilikwenda njia nyingine: aina haikokotoi namba, inakabidhi sehemu zake moja baada ya nyingine kwa kikokotozi kinacholetwa na jedwali. Tulifuata njia ya Rust.

    hashia(nukta, kikokotozi):
        lisha(kikokotozi, nukta.x)
        lisha(kikokotozi, nukta.y)

Aliyeandika mistari hii hajui namba itakayotoka, upana wake, wala kama kuna mbegu. Hana anachoweza kuandika kwenye diski. Anayetaka muhtasari wa kudumu alielekezwa kwenye maktaba nyingine, ambako algorithimu inatajwa kwa jina na ahadi ya kudumu ni ya algorithimu hiyo.

`tazama` ilipata parameta ya lazima inayosema kifanyike nini ufunguo usipokuwemo, kwa hiyo `uongo` iliyohifadhiwa haichanganywi tena na kutokuwepo. Hapo hapakuwa na mjadala.

Mpangilio ulizua mjadala mrefu kuliko yote. Upande mmoja ulisema tuahidi mpangilio wa kuingizwa, kama Python ilivyofanya katika toleo la 3.7 mwaka 2018 baada ya kuona watu wameshautegemea. Timu ya Injini Ndogo ilipinga, kwa kuwa ahadi hiyo ingewagharimu kumbukumbu wasiyokuwa nayo. Upande wa pili ulitaka tuvuruge kwa makusudi kama Go, ambayo tangu toleo la 1 mwaka 2012 huanza kupitia ramani zake mahali pa bahati nasibu. Timu ya Injini Kubwa ilikataa kuvuruga kwenye mazingira ya uzalishaji, yaani programu inapohudumia watumiaji halisi, ikisema kosa lisilojirudia halitafutiki. Tukaishia kwenye mapatano: jedwali la kawaida halina mpangilio, na injini lazima iuvuruge inapoendeshwa katika hali ya majaribio, anayetaka mpangilio atumie aina ya pili, jedwali lenye mpangilio, ambalo injini ndogo zinaruhusiwa kutokuwa nalo.

Kuhusu majina, lugha hii ina desturi ya kuingiza moduli nzima kwa mstari mmoja, hivyo kila fanksheni mpya kwenye maktaba inaweza kugongana na ya mtumiaji. JavaScript iliwahi kuacha jina `flatten` mwaka 2018 na kuchukua `flat`, kwa sababu maktaba ya zamani, MooTools, ilikuwa imeshalitwaa jina hilo na tovuti zilizokuwa zikiitumia zingevunjika. Tuliamua kwamba seti ya majina ya kila moduli inafungwa siku kiwango kinapopitishwa. Nyongeza itaingia kwenye moduli yenye namba mpya, na anayeingiza `jedwali 1` atapata majina yaleyale hata baada ya miaka.

Mwisho, kwa ajili ya mambo ambayo hatukuyaona, `unda-jedwali` iliruhusiwa kupokea orodha ya chaguo zenye majina, na waraka ukasema injini ipuuze chaguo isilolijua. Kubadilisha jedwali katikati ya kupitia kulitamkwa kuwa kosa, bila kuilazimisha injini kulitambua.

Matokeo

Injini Kubwa na Ndogo zilikitekeleza kiwango kipya kwanza, ya Java ikafuata. Kiwango cha zamani bado kipo kama tabaka jembamba, na `hashi` yake inatimiza "daima" kwa algorithimu iliyogandishwa ambayo majedwali yenyewe hayaigusi. Maktaba ya kache inaendelea kuitumia mpaka leo, na haina tatizo.

Mlinganishi ulistahimili. Injini Kubwa imeshabadilisha algorithimu ya hashi kwenda SipHash, iliyochapishwa mwaka 2012 baada ya kubainika kwamba mbegu peke yake haitoshi pale fanksheni inapokuwa dhaifu. Baadaye ikahamia kwenye mbegu tofauti kwa kila jedwali. Mara zote mbili hakuna mstari wa mtumiaji uliobadilika.

Mpangilio ulileta matokeo ya nusu nusu. Maktaba zinazoendesha majaribio yake katika hali ya majaribio ziligundua utegemezi wao mapema, wengine wakapanga funguo kabla ya kupitia, wengine wakahamia jedwali lenye mpangilio. Lakini hali hiyo huwashwa kwa kigezo cha mazingira, na wengi hawakukiwasha. Kwao mambo yamebaki kama enzi za kiwango cha kwanza.

Chaguo zenye majina zilituumiza. Injini mbili zilianzisha chaguo `dhaifu`, linaloruhusu kisafisha kumbukumbu kuondoa ufunguo usiotumika tena mahali pengine. Maktaba ya kuhifadhi vitu vilivyokwisha kukokotolewa ikalitumia. Injini Ndogo haikulijua chaguo hilo, ikalipuuza kama waraka ulivyoagiza, na jedwali likawa linakua bila kuacha kitu mpaka kifaa kikaishiwa kumbukumbu. Hapakuwa na onyo popote, na kwa mujibu wa kiwango kila mmoja alikuwa amefanya sawasawa.

Uchambuzi

Waraka wa kiwango husomwa kama orodha ya ahadi. Katika kisa hiki yaliyoleta madhara zaidi ni yale ulioyanyamazia, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mpangilio wa `pitia` haukuahidiwa hata siku moja, ila ulionekana kila siku. Wahandisi wa programu huita hali hii Kanuni ya Hyrum, kwa jina la Hyrum Wright: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia inayoonekana itategemewa na mmoja wao, hata waraka useme nini. Sentensi ya "haujabainishwa" inamlinda mwandishi wa kiwango kwenye mabishano. Programu hailindwi nayo.

Ndiyo maana naona njia ya Go na njia ya Python, ingawa zinapingana, zote ni salama kuliko tulikopita sisi mwanzoni. Python iliona tabia imeshakuwa ahadi, ikaitia sahihi na kulipa gharama yake. Go ilihakikisha tabia haionekani, hivyo hakuna wa kuizoea. Hatari iko katikati, pale tabia isiyoahidiwa inapokuwa tulivu. Walinzi wa itifaki za mtandao walilijua hili kwa uchungu: TLS 1.3, toleo la itifaki ya kusimba mawasiliano ya mtandao, mwaka 2018 ililazimika kujitangaza kuwa 1.2 kwenye sehemu ya namba ya toleo, kwa sababu vifaa vya njiani vilikuwa havijawahi kuona namba nyingine na vilikata mawasiliano. Baadaye RFC 8701, waraka wa itifaki za mtandao wa mwaka 2020, ikaweka utaratibu wa kutuma thamani zisizo na maana mara kwa mara, ili pande zote zizoee kupokea zisichokijua. Ni kama bawaba: mlango usiofunguliwa kwa miaka hukwama hata kama ulitengenezwa vizuri.

Kwa mtazamo huo, mapatano yetu kuhusu hali ya majaribio yalikuwa dhaifu. Hoja ya Injini Kubwa kwamba kosa lazima lijirudie ilikuwa na jibu ambalo halikupewa nafasi: mbegu ya uvurugaji ingeweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za matukio, na anayetafuta kosa angeirudisha. Tungevuruga kila mahali kwa chaguo-msingi, na kumruhusu anayetaka utulivu auombe. Tulipoweka ulinzi nyuma ya kigezo cha mazingira, tulirudia kasoro ileile tuliyoikataa kwenye parameta ya nne, ya kumtegemea mtumiaji ajue hatari ndipo alindwe.

Upande wa hashi, kilichofaa kilikuwa kubadili mwelekeo wa data. Mtumiaji akirudisha namba, namba hiyo ni mali ya wote wawili, na kila sifa yake (upana, uthabiti, fomula) inakuwa sehemu ya mkataba. Akikabidhi sehemu za kitu chake, sifa hizo zinabaki kwa injini. Hili lilifaa zaidi ya mlinganishi kuwa kitu kisichoonekana ndani, ingawa ndani ya kamati sifa nyingi zilikwenda kwa mlinganishi. Kitu kisichoonekana ndani lakini kinachotoa namba kwa nje kingevuja vilevile. Gharama ipo: Injini Ndogo ilipima na kukuta kulisha sehemu moja moja ni polepole kwa funguo ndogo kama namba kamili, na ikabidi iwe na njia ya mkato kwa aina hizo. Njia hiyo iko upande wa injini na mtumiaji haioni.

Somo la `dhaifu` lilikuwa limeshaandikwa mahali pengine kabla yetu, kwenye muundo wa picha wa PNG, mwaka 1996. Kila kipande cha faili ya PNG kina jina la herufi nne, na herufi ya kwanza ikiwa kubwa, kisomaji kisichokijua kipande hicho lazima kikiri kushindwa. Ikiwa ndogo, kinaweza kukipuuza na kuendelea. Chaguo zetu zilikuwa za aina mbili zilizovalishwa nguo moja. Ukubwa wa kuanzia ni dokezo, na injini ikilipuuza matokeo ni yaleyale kwa mwendo wa polepole. `dhaifu` inabadilisha maana ya jedwali lenyewe. Kanuni ya "puuza usichokijua" inafaa la kwanza na inaua la pili, na kinyume chake, kanuni ya "kataa usichokijua", ingefanya kila dokezo jipya livunje injini za zamani. Kilichotakiwa ni mwitaji kusema, kwa kila chaguo, kama anaweza kuishi bila hilo.

Kufungia majina kwa namba ya moduli kumefanya kazi kimyakimya, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba kunachosha macho: mafunzo ya mtandaoni sasa yana `jedwali 1` na `jedwali 3` kwenye ukurasa mmoja. Go ilifikia hapohapo mwaka 2024 ilipoanzisha `math/rand/v2`, na nadhani bei hiyo ni nafuu.

Suala la kubadilisha jedwali linapopitiwa halijafungwa. Tuliliita kosa tukaishia hapo, tukidhani neno kali linatosha. Java angalau hujaribu kulikamata kwa ConcurrentModificationException, ingawa nyaraka zake zenyewe hukiri kwamba hutupwa kwa kadiri inavyowezekana tu. Kwenye Injini Kubwa kufuta ufunguo unaopitiwa "kunafanya kazi" mara nyingi, na maktaba kadhaa zimeshaanza kufanya hivyo. Nyuzi sambamba, yaani sehemu za programu moja zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, zinakuja kwenye injini mbili kati ya tatu, na zitakapofika tabia hiyo itaangusha programu.

Rasimu ya kiwango cha majedwali yanayotumiwa na nyuzi nyingi imeshawasilishwa kwenye kamati. Ilirudishwa kwa mwandishi wake kwa sababu ya utaratibu mpya: kila sentensi inayosema jambo halijabainishwa lazima iambatane na jaribio linaloonyesha injini moja ikifanya hivi na nyingine, au injini ileile mara ya pili, ikifanya vingine. Rasimu ilikuwa na sentensi tisa za namna hiyo na majaribio mawili.